Viraka vya Texas: kusoma umri wa ramani ya mfukoni ya karne ya 19

Mwaka uliochapwa chini ya kichwa cha ramani ya mfukoni ya Texas ni ushahidi dhaifu kuliko vitu vingine vyote vilivyomo kwenye karatasi ile. Haudanganyi, ila unataja jambo jingine. Unakwambia lini mchapaji alisajili haki zake, au lini bamba, yaani sahani ya chuma iliyochongwa ramani na kuchapia karatasi, lilichongwa mara ya kwanza. Nakala iliyo mkononi mwako inaweza kuwa imetoka kwenye mashine miaka kumi baadaye, bamba likiwa limekwanguliwa, limegongwa na kuchongwa upya mara tatu au nne.

Sababu ilikuwa gharama. Kuchonga bamba la shaba la ramani kubwa kulichukua miezi ya kazi ya mkono, kila herufi ikiandikwa kinyumenyume. Mchapaji wa Philadelphia au New York hakuweza kuanza upya kila mara bunge la Texas lilipounda kaunti mpya. Alimwita mchongaji atie kiraka. Kwa hiyo ramani hizi zifikirie kama nguo ya zamani: kitambaa ni cha mwaka mmoja, viraka ni vya miaka mingine. Kanuni ninayoisimamia ni hii: ramani haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiraka chake kipya zaidi. Vitu vya zamani vilivyobaki juu yake havithibitishi chochote.

Texas ndiyo jimbo linalofaa kabisa kujifunzia, kwa sababu halikutulia. Hadi 1836 lilikuwa sehemu ya jimbo la Mexico lililoitwa Coahuila y Texas. Mwaka huo likawa jamhuri huru yenye kaunti 23. Tarehe 29 Desemba 1845 likawa jimbo la Marekani. Mwaka 1850 likaachia karibu theluthi ya eneo lililokuwa likilidai, 1861 likajitenga na Marekani, 1870 likarudishwa. Leo lina kaunti 254. Muda wote huo watu walimiminika kutafuta ardhi, na mtafuta ardhi alihitaji ramani inayoingia mfukoni.

Kifaa chenyewe

Karatasi ni nyembamba lakini imara, ya aina iliyotumika kuchapia noti za benki. Karatasi nene ya atlasi ingepasuka mapema kwa kukunjwa. Ramani ya Stephen F. Austin iliyochapwa na Henry S. Tanner wa Philadelphia mwaka 1830 ina urefu wa sentimita 74 hivi na upana wa 60. Ramani ya ukubwa huo hukunjwa hadi ikaingia ndani ya jalada lisilozidi kiganja kwa mengi, maana yake ni vipande vya mstatili vinavyokaribia 40. Jalada la miaka ya 1830 na 1840 kwa kawaida ni la ngozi nyembamba, nyekundu, kijani au kahawia, likiwa na neno TEXAS kwa herufi za dhahabu. Baadaye kitambaa kilichukua nafasi ya ngozi. Kipande kimoja cha ramani, mara nyingi cha pembeni, kimegundishwa ndani ya jalada, na hapo ndipo machozi ya wakusanyaji huanzia. Nitalirudia hili.

Ramani zinazopaswa kujulikana na kila anayeanza si nyingi. Ya Austin ya 1830 ilitokana na upimaji na kumbukumbu za mtu aliyeishi kwenye ardhi ile, na kusini imeandikwa kwamba kuna makundi makubwa mno ya farasi mwitu. Tanner aliendelea kuitoa kwa matoleo mapya hadi mwisho wa muongo. David H. Burr alitoa yake New York mwaka 1833 kupitia J. H. Colton, akionyesha maeneo ya ardhi waliyopewa maempresario, yaani mawakala waliopewa mkataba na serikali ya Mexico wa kuleta walowezi. J. H. Young alichora ya S. Augustus Mitchell, Philadelphia, 1835, yenye safu za maandishi kuhusu mito na maeneo hayo ya ardhi. Mwaka 1839 Richard S. Hunt na Jesse F. Randel walitoa mwongozo wa Jamhuri ya Texas pamoja na ramani iliyokusanywa kutoka Ofisi Kuu ya Ardhi, ikiwa na uthibitisho wa kamishna wake wa kwanza, John P. Borden. Mchapaji alikuwa Colton yuleyule. Mwongozo huo ulitolewa tena 1845.

Halafu kuna ile ya 1849 ya Jacob De Cordova, dalali wa ardhi wa Houston. Mchoraji wake ni Robert Creuzbaur, aliyetumia kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi. Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha jinsi wizi wa ramani ulivyokuwa tatizo la kweli: juu yake kumechapwa onyo kwamba nakala yoyote isiyo na saini ya De Cordova imepatikana kwa udanganyifu. Tafuta saini hiyo kabla ya kutazama kitu kingine. Charles W. Pressler, mzaliwa wa Prussia aliyefanya kazi Ofisi ya Ardhi, aliirekebisha miaka michache baadaye. Colton akanunua haki za ramani hiyo na kutoa ramani ndogo iliyopunguzwa kutoka kwenye ile kubwa. Pressler mwenyewe alitoa yake 1858, na nyingine ya wasafiri 1867.

Kiraka hutiwaje kwenye shaba

Kulijua hili kutakuokoa mara nyingi. Mchongaji alipotaka kufuta mpaka wa kaunti, kwanza alikwangua mistari ile kwa kisu chenye kingo tatu mpaka shaba ikawa safi. Mahali pale palibaki bonde. Kwa bikari yenye mikono iliyopinda alitafuta upande wa nyuma wa bamba nukta inayolingana na bonde hilo, akaliweka bamba kifudifudi juu ya fuawe na kuligonga kwa nyundo hadi uso uinuke ukawa sawa. Kisha alisugua kwa mkaa na maji, akalainisha kwa chuma kilichong'arishwa, akachonga upya.

Kazi hiyo ikifanywa haraka huacha alama. Bonde lisiloinuliwa vya kutosha hushika wino wakati bamba linapofutwa, na kwenye karatasi hutokea wingu la kijivu. Mstari usiokwanguliwa hadi mwisho huonekana kama kivuli chembamba kando ya mpaka mpya. Dalili ninayoiamini zaidi ni tofauti ya uchakavu. Shaba ni laini, na baada ya nakala elfu chache mistari myembamba huanza kufifia. Kiraka kipya hutoka cheusi na chenye makali katikati ya majina yaliyopauka. Ukiona jina la kaunti limekolea kuliko majirani zake wote, umeona kiraka.

Ili uone haya, usitazame ramani kwa taa iliyo juu yake. Weka taa ndogo upande, karibu usawa wa meza, mwanga uteleze juu ya karatasi. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Wino wa bamba lililochongwa husimama juu ya karatasi kama uzi, na utauona kwenye herufi nene za kichwa. Wino wa lithografia, yaani uchapaji wa jiwe, umelala bapa. Hapa pana mtego: wachapaji wengi walichukua chapa mbichi kutoka bamba la shaba, wakaihamishia kwenye jiwe, na kuchapa kutoka huko. Mtindo wa herufi ni wa mchongaji, lakini wino ni bapa na mistari imenenepa au kukatikakatika kidogo. Nakala kama hiyo ni halali kabisa, ila ni ya baadaye kuliko zile za shaba.

Usitegemee alama ya ukingo wa bamba. Kwenye ramani za mfukoni pambizo karibu kila mara zilikatwa, na kukunjwa kumebonyeza kilichosalia.

Malango ya tarehe

Anza na mipaka ya nje. Chini ya Mexico, Texas iliishia mto Nueces. Tarehe 19 Desemba 1836 bunge la Jamhuri lilitangaza kwamba mpaka ni Rio Grande kutoka mdomoni hadi chanzo chake, kisha moja kwa moja kaskazini hadi latitudo ya 42. Dai hilo lilichora bomba refu jembamba linalopanda hadi ndani ya eneo ambalo leo ni Wyoming. Ramani ya John Arrowsmith wa London ya 1841 inalionyesha vizuri. Mwaka 1850 Texas ilikubali kuliachia kwa malipo ya dola milioni 10 za serikali ya Marekani, na tangu hapo umbo ni hili tulilolizoea: juu latitudo 36°30', magharibi longitudo 103, kisha latitudo 32 kuelekea Rio Grande. Bomba lililofutwa ni kiraka kikubwa, na mara nyingi utaona alama zake kaskazini.

Mipaka ikishakupa kipindi kipana, kaunti hukipunguza. Zinazonifaa kuliko zote ni zile zilizoishi muda mfupi au kubadili jina, kwa sababu zina lango la kuingilia na la kutokea. Harrisburg iligeuka Harris mwaka 1839. Navasota iliundwa 1841 na kuitwa Brazos 1842. Buchanan, ya 1858, ikawa Stephens 1861. Cass, kaskazini mashariki, iliitwa Davis kuanzia 1861 hadi 1871, kwa heshima ya rais wa Majimbo Yaliyojitenga. Wegefarth iliishi kuanzia 1873 hadi 1876 tu. Buchel na Foley, magharibi ya mbali, ziliundwa 1887 na kufutwa 1897, ardhi yao ikaingia Brewster. Encinal ilidumu kuanzia 1856 hadi 1899.

Majina yanayorudiwa ndiyo yanayowaangusha watu. Davis ya kaskazini mashariki si Jeff Davis ya milima ya magharibi, iliyoundwa 1887. Dawson ya 1858 ilikuwa karibu na Rio Grande na ilifutwa 1866. Dawson ya sasa iko kwenye nyanda za juu na ni ya 1876. Kwa hiyo usisome jina peke yake, tazama limekaa wapi.

Lango kali kuliko yote ni tarehe 21 Agosti 1876. Siku hiyo sheria moja iliunda kaunti 54 kutoka maeneo makubwa ya Bexar na Young. Kabla ya hapo kaskazini magharibi ni uwazi ulioandikwa jina moja refu. Baada ya hapo ni ubao wa drafti, masanduku yaliyopangwa safu kwa safu: Oldham, Potter, Deaf Smith na wenzao. Nyingi hazikuwa na watu wa kutosha hata kuunda serikali ya kaunti. Ramani yenye ubao huo haikuchapwa kabla ya mwisho wa 1876, hata kama kichwa kinasema 1872. Kama umekwama kati ya 1870 na 1876, tafuta Waller, Gregg na Rockwall, zote za 1873.

Kumbuka kanuni inafanya kazi upande mmoja tu. Ramani ya Texas iliyochapwa New York yenye tarehe ya 1863 na jina Cass haikosei tarehe yake. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mchapaji wa kaskazini hakuwa akipokea habari za bunge la Texas, na huenda asingependa kuandika Davis hata angezipokea. Mfano wa wazi zaidi ni bandari ya Indianola. Kimbunga cha 1875 kiliibomoa, cha 1886 kikaimaliza, watu wakahama. Kuiona kwenye ramani hakukwambii ramani ni ya kabla ya 1886. Hakuna aliyelipa mchongaji ili kufuta mji uliokufa.

Reli zinahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwa sababu huonekana mapema. Kuanzia 1854 sheria ya Texas iliipa kampuni ya reli seksheni 16 za ardhi, yaani ekari 10,240, kwa kila maili iliyojengwa. Kampuni zilitaka wanunuzi wa ardhi hiyo waione reli kabla haijafika, na wachapaji waliwasikiliza. Mstari uliokatikakatika ni mpango, lakini hata mstari kamili unaweza kuwa matumaini. Tumia vituo ambavyo tarehe zake ziko wazi: Houston & Texas Central ilifika Dallas 1872; Texas & Pacific ilifika Fort Worth 1876 na kukutana na Southern Pacific huko Sierra Blanca mwishoni mwa 1881. Miji iliyozaliwa na reli ni salama zaidi kuliko reli zenyewe. Denison ni ya 1872, Abilene ya 1881. Hakuna aliyeiandika kabla haijapewa jina.

Na sasa Greer, kona ninayoifungua kwanza kwenye kila ramani ya nusu ya pili ya karne. Mkataba wa 1819 kati ya Marekani na Hispania uliweka mpaka kufuata mto Red hadi longitudo ya 100, kwa kutegemea ramani ya John Melish ya 1818. Melish alikuwa ameiweka longitudo hiyo maili 90 hivi mashariki ya mahali pake halisi. Tena mto Red una matawi mawili makubwa upande ule, na mkataba haukutaja lipi. Texas ilishika tawi la kaskazini na mwaka 1860 ikaunda kaunti ya Greer katikati ya matawi hayo, eneo la ekari milioni 1.5. Serikali ya Marekani ilishika la kusini. Machi 1896 Mahakama ya Juu iliamua dhidi ya Texas, na Greer ikaenda Oklahoma. Mchapaji alilazimika kuchagua upande, na rangi ya mkono mara nyingine ilichagua upande mwingine kuliko wino. Ndiyo maana rangi siihesabu kama ushahidi wa tarehe: ilipakwa nakala kwa nakala, wakati mwingine na mtu mwingine, wakati mwingine miaka mingi baadaye.

Mwisho wa ukaguzi ni mstari mdogo wa usajili wa haki za mchapaji chini ya fremu. Kabla ya Julai 1870 unataja ofisi ya karani wa mahakama ya wilaya, kwa mfano ya Wilaya ya Kusini ya New York. Baada ya sheria ya mwezi huo unataja Mkutubi wa Bunge, Washington. Anwani nayo husaidia: Colton wa 86 Cedar St. ni wa mapema kuliko Colton wa 172 William St.

Nta

Kuanzia 1872 Rand McNally wa Chicago walianza kuchapa ramani kwa nta, na karibu kila nilichosema juu ya viraka hubadilika. Bamba hupakwa nta nyembamba, mistari hukatwa ndani yake, majina hugandamizwa kwa herufi za chapa za kawaida, kisha shaba huoteshwa juu yake kwa umeme hadi kupata bamba lenye mistari iliyoinuka. Marekebisho yakawa rahisi, kwa hiyo matoleo yakawa mengi. Utaitambua kwa herufi zinazofanana kabisa kila mahali, zilizosongamana kando ya reli, na mara nyingi kwa mgandamizo unaosikika kwa kidole nyuma ya karatasi. Uzuri ulipungua. Lakini orodha ya miji iliyokuja nazo ni hazina, na kwa miaka ya 1880 hukupa tarehe haraka kuliko mchongo wowote.

Kuifungua bila kuiua

Andaa meza iliyo kubwa kuliko ramani iliyofunguliwa. Osha mikono na uikaushe. Glavu za pamba hunasa kwenye kingo zilizochanika. Fungua kwa mpangilio ambao mikunjo inaukubali, safu moja kwa wakati, bila kuibonyeza irudi nyuma. Shikilia pembe kwa mifuko midogo ya mchanga iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Karatasi ikikataa kulala, iache. Karatasi kavu inayolazimishwa hupasuka kwenye makutano ya mikunjo minne, ambako tayari pana tundu dogo.

Kagua kipande kilichogundishwa kwenye jalada. Uzito wote wa karatasi huvuta pale, hivyo mpasuko huanzia ukingoni mwa gundi na kuingia ndani ya ramani. Tazama pia rangi ya kijani. Ile iliyotengenezwa kwa shaba hula karatasi; geuza uone kama mstari wa kahawia umetokea nyuma. Ukiwa umetokea, ramani hiyo isikunjwe tena, kwa sababu itakatika kufuata mpaka wa kaunti kana kwamba imekatwa kwa wembe.

Mpasuko huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwa nyuma, na mtu aliyefunzwa. Selotepu kamwe: gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka kahawia, na kuiondoa huhitaji kemikali zinazoweza kuchukua rangi pamoja nayo.

Swali la kuitenganisha na jalada lina majibu mawili ya haki. Ramani iliyotengana huhifadhiwa ikiwa bapa ndani ya bahasha ya polyesta, na mikunjo hupumzika. Lakini jalada lina ushahidi wake: mara nyingi tarehe nyingine, tangazo la mchapaji, jina la msafiri kwa kalamu ya risasi. Mimi huiacha pamoja maadamu haipasuki. Ikilazimu kutenganishwa, piga picha gundi na kipande chake kabla ya kazi kuanza, pande zote mbili, kisha weka jalada na ramani kwenye kabrasha moja lisilo na asidi, vikiwa na namba moja iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi laini.